Kumpa Huyu na Kumwacha Yule ili Kujua: Je, Ni Haki?

Je, ni haki kumpa mtoto mmoja kitabu na kumwacha mwenzake mikono mitupu kwa kuwa mtaalamu fulani ataka kujua kama kitabu kinamfaa mwanafunzi? Huyu aliyeachwa hakukosa adabu, wala wazazi wake hawakukataa kuchanga. Ameachwa ili apate kulinganishwa na mwenzake. Swali hili huulizwa na wazazi watafiti wafikapo shuleni na madaftari yao, tena huulizwa kwa uchungu. Wengi hulijibu upesi: Si haki, maana watoto si mashamba ya majaribio. Jibu hilo lina heshima yake, nasi hatutaki kulidharau. Walakini jibu la upesi si lazima liwe jibu la kweli, na katika jambo hili anayelipa gharama ya kukosea ni mtoto mwenyewe. Kwa hiyo yafaa tulitazame swali kwa utulivu, tupambanue yaliyo haki na yasiyo haki, kabla hatujatoa hukumu.

Kwanza tujue kwa nini mtaalamu ahitaji kumwacha mtu. Mtu wa kawaida husema hivi: Ukitaka kujua faida ya vitabu, zitazame shule zenye vitabu na shule zisizo navyo, kisha linganisha alama za mtihani. Shauri hilo laonekana jema, lakini lina shimo ndani yake. Shule yenye vitabu mara nyingi ndiyo hiyo hiyo yenye wazazi wenye uwezo, yenye mwalimu mkuu mwenye bidii, na iliyo karibu na barabara. Alama zake zikiwa nzuri, ni nani atakayejua kama sifa ni ya kitabu au ya mwalimu mkuu? Anayehesabu namna hiyo ni kama mtu aonaye miavuli mingi siku ya mvua, akasadiki kwamba miavuli ndiyo iletayo mvua.

Wala kosa hilo si la wajinga tu. Huko Busia, magharibi ya Kenya, wataalamu wa uchumi Paul Glewwe, Michael Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz walichunguza faida ya chati za kufundishia, yaani zile karatasi kubwa zenye michoro ambazo mwalimu hufunua mbele ya darasa moja baada ya moja. Walipolinganisha shule zilizokuwa na chati tangu zamani na shule zisizokuwa nazo, hesabu ilionyesha kwamba chati zapandisha alama, tena si kidogo. Ndipo wakatazama kwa njia ya pili. Walichukua shule 178, wakazigawa nusu kwa nusu kwa utaratibu usiojali utajiri wala umaskini wa shule yoyote, na shule 89 zikapewa chati. Safari hii tofauti ya alama haikuonekana. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2004, na fundisho lake ni wazi: chati zilikuwa zikipewa sifa iliyokuwa ya wengine. Mtu mwema ambaye angeiamini hesabu ile ya kwanza angezitumia fedha za maskini kununua karatasi, na dhamiri yake ingelala usingizi mzuri.

Hapo ndipo inapoingia kura. Hatusemi ile kura ya kuchagua wajumbe. Twasema kura ya kugawa, kama wazee wagawavyo mafungu kusudi pasiwe na manung'uniko. Kura haimjui tajiri wala maskini, haimpendelei jirani wala mkwe. Basi shule nyingi zikigawanywa kwa kura katika makundi mawili, makundi hayo hufanana kwa karibu katika mambo yote, hata yale ambayo hakuna aliyefikiri kuyapima. Kundi moja likipewa kitu na jingine lisipewe, tofauti itakayoonekana baadaye, ikizidi ile iwezayo kuletwa na bahati tu, yaweza kuhesabiwa kuwa ni kazi ya kitu hicho. Ndiyo maana shule mbili hazitoshi, bali zahitajiwa makumi na mamia. Mwingereza Ronald Fisher, aliyefanya kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, alieleza mawazo haya katika kitabu chake juu ya majaribio kilichotoka mwaka 1935. Yeye alisema habari za vipande vya shamba na mbolea. Wanaodai kwamba njia hii ilitoka shambani wasema kweli.

Lakini haikubaki shambani. Baada ya Vita Kuu ya Pili palikuwa na dawa mpya ya kifua kikuu, jina lake streptomaisini, iliyogunduliwa Marekani. Uingereza ilikuwa na upungufu wa fedha za kigeni, na dawa iliyoweza kupatikana ilikuwa haba mno. Madaktari wakachukua wagonjwa 107. Kwa kura, wagonjwa 55 walipewa dawa pamoja na kupumzishwa kitandani, na 52 walipumzishwa tu, kama ilivyokuwa desturi ya matibabu ya siku zile. Baada ya miezi sita, katika wale 55 walikuwa wamekufa 4, na katika wale 52 walikuwa wamekufa 14. Habari zilitolewa mwaka 1948, na tangu hapo hapakuwa na haja ya kubishana kama dawa ile yafaa.

Tuwakumbuke wale 14. Je, waliuawa na kura? Tukijibu kwa haki, hapana. Dawa haikuwatosha wagonjwa wote wa nchi ile. Kwa vyovyote wengi wangeikosa, na pasipo kura wangeipata wenye vyeo na wenye jamaa hospitalini. Kura haikuumba upungufu, iliukuta. Ilichofanya ni kuchagua pasipo upendeleo, na kuhakikisha kwamba mateso ya wale waliokosa hayakupita bure, kwa maana walioambukizwa baada yao walipata kuijua tiba. Walakini pana neno moja katika habari hiyo lisilotupendeza: wale 52 hawakuambiwa kwamba wamo katika jaribio. Neno hilo tutalirudia.

Sasa turudi kwenye vitabu. Huko huko Busia, mwaka 1996, shirika moja la misaada kutoka Uholanzi lilitaka kuzigawia shule vitabu vya kiada. Katika shule 100, shule 25 zilichaguliwa kuanza. Wote walitumaini kwamba alama zingepanda, na ni nani asiyetumaini hivyo? Lakini wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika walikuwa wale wanafunzi waliokwisha kuwa hodari. Watafiti walipotafuta sababu, waliona kwamba vitabu vimeandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa pale ni lugha ya tatu, na mtaala wenyewe ulikuwa umepangwa kwa ajili ya wachache watakaofika mbali. Mtoto wa katikati na mtoto wa nyuma walikishika kitabu mikononi, wakashindwa kukisoma.

Tufikiri kidogo, wasomaji wapenzi. Ingekuwaje kama shule zote 100 zingepewa vitabu siku moja? Wazazi wangeshukuru, wafadhili wangepigwa picha, taarifa ingeandikwa kwamba vitabu vimefika salama. Kila neno la taarifa hiyo lingekuwa kweli, na hata hivyo hakuna mtu ambaye angejua kwamba walio wengi hawakupata faida. Wala hakuna ambaye angeuliza habari ya lugha na ya mtaala, maana kila mmoja angedhani kwamba shida imekwisha kutatuliwa. Watoto wale wa nyuma wangedhulumiwa na wema wetu, tena pasipo mashahidi.

Hili ndilo neno tunalotaka kulisema leo. Wanaopinga majaribio hudhani kwamba tuna njia mbili: kuwajaribu watoto, au kutowajaribu. Kwa kweli njia hiyo ya pili haipo. Kila mtaala mpya ni jaribio. Kila mara lugha ya kufundishia ibadilishwapo, kila mara mtihani uongezwapo au ufutwapo, watoto wa nchi nzima hutiwa katika jaribio kwa siku moja, pasipo kuulizwa, pasipo kundi la kulinganisha, na pasipo mtu wa kuandika matokeo. Jaribio hilo halimshtui mtu kwa sababu halina daftari. Lakini kukosa daftari hakulifanyi liwe la haki zaidi, hulifanya liwe gumu kusahihishwa. Mkubwa aliyekosea hataambiwa, na mtoto aliyepotea njia hatajulikana.

Tanzania pia imeonja faida ya kuuliza kwa njia hii. Katika miaka 2013 na 2014 ulifanywa utafiti ulioitwa KiuFunza, katika shule za msingi 350 zilizo katika wilaya kumi. Shule 70 zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika shule nyingine 70, walimu waliahidiwa zawadi kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Shule 70 nyingine zilipata yote mawili, na 140 zilibaki kama zilivyokuwa. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Zawadi peke yake ilileta matokeo ya mchanganyiko. Lakini pale mambo hayo mawili yalipokutana, watoto walijifunza zaidi waziwazi, hata kuzidi jumla ya yale yaliyopatikana pale kila moja lilipokuwa peke yake. Mtu aliyejaribu fedha tu angesema fedha hazina kazi, na mwenye kujaribu zawadi tu angebaki na mashaka. Hekima ya kukaa barazani isingeweza kulifumbua fumbo hilo, hata ikikaa miaka mingi.

Hata hivyo atainuka mtu aseme: Yote hayo ni mema, lakini mtoto si punje ya mahindi. Twakubali, na twasema kwamba mtafiti anayelisahau neno hilo ni mtu wa hatari. Wala hatuhitaji kubuni mifano. Mwaka 1932, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, idara ya afya ya Serikali ya Marekani ilianza kuwachunguza wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima maskini, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, waliambiwa kwamba wana damu mbaya. Penisilini ilipopatikana na kujulikana kuwa ndiyo tiba, katika miaka ya 1940, hawakupewa. Walitazamwa tu jinsi ugonjwa unavyowala, mpaka mwaka 1972 magazeti yalipoifichua habari hiyo. Mwaka 1997 Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake.

Basi tupambanue. Uovu wa Tuskegee haukuwa katika kulinganisha wagonjwa na wazima. Ulikuwa katika mambo matatu. Tiba ilijulikana, nao wakanyimwa. Ukweli ulijulikana, nao wakafichwa. Tena walichaguliwa kwa sababu ya unyonge wao, kwa kuwa ilidhaniwa hawana wa kuwatetea. Mambo hayo matatu tukiyageuza, twapata masharti ambayo kwayo utafiti juu ya watu waweza kuitwa wa haki.

Sharti la kwanza ni kwamba pawe na shaka ya kweli. Lililokwisha kujulikana halipigiwi kura. Hakuna haki ya kumnyima mtoto chakula ili kuona kama njaa humdhoofisha, wala kumzuia asiende shule ili kupima faida ya kusoma. Mtafiti na atuambie waziwazi: Ni kitu gani usichokijua? Akishindwa kujibu, au ikionekana kwamba jibu analo tayari na ataka tu kulichapisha tena, afadhali aende zake.

Sharti la pili ni kwamba anayeachwa asipoteze kile alichokuwa na haki ya kukipata, na ikiwezekana afikiwe na zamu yake. Mfano mwema ni dawa za minyoo na kichocho, huko huko Busia. Kwa kuwa shirika lisingeweza kuzifikia shule zote 75 kwa mara moja, ziligawanywa katika mafungu matatu ya shule 25. Fungu la kwanza lilianza mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu mwaka 2001. Waliongojea ndio waliokuwa kipimo cha waliotangulia, na mwishoni kila fungu lilipata. Edward Miguel na Michael Kremer, walioichapisha habari hiyo mwaka 2004, walisema kwamba utoro ulipungua kwa karibu robo, ingawa alama za mtihani hazikupanda. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizihesabu upya takwimu zile zile, wakaonyesha makosa katika baadhi ya hesabu, na ubishi mkali ukatokea kuhusu uzito wa makosa hayo. Sisi hatuuonei haya ubishi huo. Mtu aliye tayari kuyafungua madaftari yake ili wenzake wayakague anaiheshimu kweli kuliko anayeyafunga.

Sharti la tatu ni ukweli na ridhaa. Mzazi aambiwe ni nini kinachofanyika, kwa lugha anayoifahamu, na aweze kukataa pasipo kuadhibiwa. Hapa ndipo wale madaktari wa mwaka 1948 walipopungukiwa, ijapokuwa nia yao ilikuwa njema na kazi yao iliokoa wengi. Sahihi ya kidole chini ya karatasi isiyosomeka haiwi ridhaa. Wala haiwi ridhaa pale mkuu wa shule anapowaambia wazazi kwamba wakubwa wamekwisha kukubali.

Kwa masharti hayo matatu tungependa kuongeza la nne, ambalo husahauliwa kuliko yote: jibu lirudi kwa waliouliziwa. Mama aliyekaa saa mbili akijibu maswali kuhusu nyumba yake, mifugo yake na watoto wake, amekopesha muda wake wa shamba na siri za jamaa yake. Mkopo hulipwa. Lakini mara nyingi jibu huchapishwa kwa lugha asiyoisoma, katika jarida asiloweza kulinunua, na kijiji hakisikii tena neno lolote. Mtafiti apata cheo, na mwenye nyumba abaki na swali. Mwaka 2019 Michael Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa ajili ya kazi za namna hii. Twaona walistahili. Lakini katika sifa ile walikuwamo pia watoto wa Busia walioketi kufanya mitihani, na walimu waliowasimamia. Heshima ya namna yao haihitaji medali. Yatosha mtu kurudi, kuketi chini ya mwembe na wazazi, na kuwaeleza kilichoonekana, hata kama kilichoonekana ni kwamba msaada wake haukufaa kitu.

Tena mtafiti asiitegemee kura kupita kiasi. Kura huonyesha kama jambo limefaa, lakini mara nyingi haisemi kwa nini. Ile habari ya lugha ya vitabu haikuweza kupatikana kwa kuhesabu alama tu, ilibidi kumjua mtoto na kujua anazungumza nini nyumbani. Mwalimu wa kijijini aliyefundisha miaka ishirini ana maarifa ambayo hojaji haiyafikii. Utafiti ulio mwema huanza kwa kumsikiliza huyo, na humaliza kwa kumrudia.

Hukumu yetu basi ni hii: kumpa huyu na kumwacha yule ili kujua, kwaweza kuwa haki, tena pengine ni wajibu, masharti hayo yakitimizwa. Yasipotimizwa, ni dhuluma, hata kama mwenye kuifanya amevaa koti jeupe na kubeba kibali cha Serikali.

Kwa sababu hiyo twawashauri wazazi na kamati za shule: msiwafukuze watafiti, wala msiwapokee kwa kupiga makofi tu. Waulizeni maswali manne. Ni nini msichokijua? Watakaoachwa watapata zamu yao lini? Aliyekataa atatendewaje? Na mtarudi siku gani kutuambia mlichokiona? Mwenye nia njema hatakasirika kwa kuulizwa, maana yeye mwenyewe kazi yake ni kuuliza.

Na kwa wale wote watoao, yaani viongozi, wafadhili, na sisi sote tunaochangia madawati, vitabu na madarasa, twasema neno moja. Ni rahisi kuhesabu vitu tulivyotoa, kwa kuwa hesabu hiyo hutusifu. Ni vigumu kuhesabu faida aliyoipata mtoto, kwa kuwa hesabu hiyo yaweza kutuaibisha. Lakini anayemtakia mtoto mema kwa kweli atataka kujua kama mema hayo yalimfikia, naye atakuwa tayari kuacha desturi yake aipendayo siku atakapoona kwamba haimsaidii mtoto.